Karatasi ya Nasaba, Kisiwa Kilichonunuliwa kwa Nguo, na Swali la Babu Kutoka Shirazi

*«Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala, ila upande wa mama kwetu ni Kilwa Kivinje. Bibi yetu alifariki mwaka jana akatuachia karatasi ya nasaba iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ina majina 14, na la kwanza kabisa ni Sultani Ali wa Shirazi. Bibi alikuwa akitusimulia jinsi sultani huyo alivyokuja na jahazi, akakinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo. Sasa mwanangu wa kidato cha kwanza amepewa kazi ya kuandika nani alianzisha Kilwa. Nikauliza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na hapo ndipo moto ulipowaka. Binamu yangu alituma video fupi inayosema habari za Washirazi ni uongo uliotungwa na wakoloni ili Mwafrika aonekane hakujenga kitu. Mjomba amekasirika, anasema bibi ametukanwa kaburini, na anataka tuchangishane tukapime vinasaba ili tuwaumbue wabishi. Wengine wamejitoa kwenye kundi. Je, hadithi ile ni kweli au si kweli? Bibi alitudanganya? Tupime? Na karatasi yenyewe, ambayo imeanza kumeguka pembeni, niifanye nini?»*

Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa kuondokewa na bibi. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nikiielewa vyema, kinachokuuma zaidi si Shirazi yenyewe, ule mji wa Uajemi, yaani Iran ya leo. Unaogopa kwamba ukimpa mwanao jibu moja utakuwa umemfanya bibi yako mwongo, na ukimpa jibu lingine utakuwa umewadharau watu weusi waliojenga pwani hii kwa mikono yao. Nataka kukuonyesha kwamba hulazimiki kuchagua kati ya mawili hayo, lakini itabidi twende polepole, kwa sababu njia ya kufika huko inapita katika mambo ambayo mjomba na binamu wote wawili wameyaruka.

Nianze na binamu, kwa kuwa kosa lake ni rahisi kulisahihisha. Hadithi ya Washirazi wa Kilwa haikutungwa na wakoloni wa Kijerumani wala wa Kiingereza. Mwandishi wa Kireno João de Barros aliichapisha mwaka 1552, zaidi ya miaka 300 kabla ya Mjerumani kutia mguu Bagamoyo, na aliitoa katika kumbukumbu za watu wa Kilwa wenyewe. Tunayo pia tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha historia yake, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 na mtu wa huku huku, wakati Wareno walikuwa wameshafika. Nakala yake iliyosalia ilinakiliwa Unguja mwaka 1877, Sultani Barghash akampa balozi wa Kiingereza John Kirk, na sasa imehifadhiwa London. Dibaji yake inaahidi milango kumi, lakini nakala tuliyo nayo inaishia mlango wa saba, na kila nikifika mwisho wake huwa nahuzunika kama mtu aliyekatiwa simu katikati ya habari. Kwa hiyo hadithi ni yetu, ni ya watu wa pwani, na ni ya zamani. Walichokifanya wakoloni ni kitu kingine, nami nitakirudia.

Sasa mjomba. Mjomba anaichukua hadithi kana kwamba ni moja, na kwamba inasema jambo lile lile popote inaposimuliwa. Naomba tuziweke simulizi tatu pamoja mezani, maana ukishaziona kwa pamoja utaanza kuelewa zilikuwa zikifanya kazi gani.

Simulizi ya Kiarabu inasema kwamba mfalme wa Shirazi aliota ndoto akamwona panya mwenye pua ya chuma akiutoboa ukuta wa mji. Akaifasiri ndoto kuwa nchi itaharibika, akaondoka pamoja na wanawe sita katika majahazi saba, na kila jahazi likatia nanga mahali pake, moja wapo likafika Kilwa. Aliyefika Kilwa alimkuta Mwislamu mmoja na ahali yake tayari wapo, pamoja na msikiti. Mwenye kisiwa, ambaye hakuwa Mwislamu, alikuwa ameenda bara kuwinda, na aliporudi alikubali kukiuza kisiwa kwa nguo za rangi za kutosha kukizunguka. Nguo zikatandazwa, mwenyewe akazikusanya akahamia bara, akiwa na nia ya kurudi na jeshi. Wageni walipojua, wakachimba mkondo ambao watu walikuwa wakiuvuka kwa miguu maji yakitoka, bahari ikajaa na njia ikafungika.

Simulizi ya Barros ina sura nyingine. Humo Ali ni mtoto wa sultani wa Shirazi, lakini mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi, na ndugu zake wa upande wa baba walimdharau kwa sababu ya mama huyo. Akaondoka kutoka Hormuz kwa majahazi mawili kutafuta mahali pa kuishi bila dharau. Alifika Mogadishu na Barawa akaona watu wa huko si wa madhehebu yake, akaendelea kusini hadi Kilwa, na huko akanunua kisiwa kwa nguo.

Ya tatu iliandikwa kwa Kiswahili kutoka vinywani mwa wazee na kuchapishwa Ujerumani mwaka 1907 na Carl Velten. Hii ndiyo inayonigusa zaidi. Humo mwenyeji ana jina: ni Mrimba, mkubwa wa Kisiwani, mtu wa kabila la Wamachinga. Mgeni kutoka Shirazi anakuja na mali, anampa Mrimba zawadi za nguo na ushanga, anakaa vizuri na watu, kisha anamwoa binti wa Mrimba. Nguo zipo, Mrimba anahamia bara, lakini hadithi haiishii hapo. Mtoto anayezaliwa na binti wa Mrimba anakua, anavuka kwenda bara kumwamkia babu yake, na babu anamkabidhi mjukuu nchi yake.

Tazama vizuri. Katika simulizi ya kwanza haki ya kutawala inatokana na ununuzi na dini. Katika ya pili, mtawala ni mtoto wa mwanamke mweusi tangu huko alikotoka. Katika ya tatu, haki inapita kwa mama: mjukuu anairithi nchi kwa babu mzaa mama, na kwa majirani wa Kilwa wa upande wa bara, ambao wengi wao huhesabu ukoo kwa mama, hakuna hoja yenye nguvu kuliko hiyo. Mgeni amefika kwa jahazi, lakini usultani umetoka tumboni mwa binti wa Mrimba.

Hapa ndipo lilipo jambo ninalotamani ukoo wako wote ulisikie. Visakale vya namna hii havikusimuliwa ili kujibu swali la «nini kilitokea mwaka gani». Vilisimuliwa ili kujibu swali la «nani ana haki hapa, na ameipataje». Vilikuwa hati ya miliki katika jamii ambayo hati nyingi zilikaa vichwani mwa watu. Na kumbuka lini simulizi mbili za kwanza ziliandikwa. Mwezi Julai 1505 Wareno waliipiga na kuipora Kilwa, wakajenga ngome, wakamvika taji mtu asiyetoka katika ukoo wa masultani. Mji ukawa unagombaniwa, huyu akisema ni haki yake na yule akisema ni yake. Watu wenye kiti kinachotikisika ndio huiandika nasaba kwa uangalifu mkubwa. Ukilijua hilo, utaacha kuiuliza hadithi maswali ambayo haikukusudia kuyajibu, na utaanza kusikia inachokisema.

Utatambua pia kwamba msimulizi hodari huchukua vipande vilivyokuwa tayari vinajulikana. Panya anayetafuna ukuta anafahamika kwa wasomaji wa habari za kale za Yemeni, ambako inasimuliwa kuwa panya ndiye aliyelitoboa bwawa la Maribu likabomoka na watu wake wakatawanyika. Majahazi saba ni hesabu ya hadithi, kama ilivyo siku saba mchana na usiku. Na ardhi inayopimwa kwa kitu kinachotandazwa ipo mbali sana na kwetu: Wagiriki na Warumi walisimulia kuwa malkia Dido alipofika pwani ya Tunisi ya leo aliomba ardhi inayoweza kuzungukwa na ngozi ya ng'ombe mmoja, kisha akaikata ngozi nyuzi nyembamba akazunguka kilima kizima, ukawa mwanzo wa mji wa Karthago. Sisemi Kilwa waliiga Karthago. Nasema kwamba kila mahali ambapo mgeni amekuja kukaa katika ardhi ya wenyewe, watu wamehitaji hadithi ya mapatano inayomwonyesha mwenyeji akiridhia na mgeni akitoa kitu. Kwetu kitu hicho kilikuwa nguo, na hilo si bure, kwa sababu nguo ndiyo iliyokuwa bidhaa kuu iliyokuja na pepo za kaskazi kununua dhahabu na pembe.

Sasa tuiache hadithi tushuke ardhini, kwa kuwa ardhi nayo ina ushahidi wake, na haina ukoo wa kuutetea.

Ukishika mkononi kigae cha mwanzo mwanzo cha pwani hii, cha karne ya 7 hadi ya 9 hivi, utaona ni kipande kizito, chekundu kinachoelekea weusi wa moshi, na kwenye shingo ya chungu kuna pembetatu zilizochorwa kwa ncha udongo ukiwa bado mbichi, mstari kwa mstari, mkono wa mfinyanzi ukionekana pale alipoteleza kidogo. Vigae vya mtindo huo vimepatikana kuanzia funguvisiwa la Lamu hadi Komoro na Msumbiji, na vimepatikana pia bara, mbali na harufu ya bahari. Mwanaakiolojia wetu Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametumia miaka mingi akionyesha kwamba vyungu hivyo vina mizizi katika vyungu vya wakulima wa enzi ya chuma waliokaa pwani na mabonde yake kabla ya hapo. Kilwa yenyewe ilianza hivyo: kijiji cha nyumba za miti na udongo, cha wavuvi, wakulima na wafua chuma, karibu karne ya 9, kabla ya sultani yeyote anayetajwa katika ile tarehe ya Kiarabu. Shanga, huko kisiwa cha Pate, wachimbaji walikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, wa mwanzo kabisa ukiwa wa karne ya 8. Mji wa matumbawe ulikua kutoka ndani ya kijiji cha makuti kwa hatua zinazoonekana. Haukushushwa ukiwa mzima kutoka kwenye jahazi.

Na je, huyo Ali? Hapa mjomba atafurahi. Zipo sarafu ndogo za shaba, nyembamba, zinazokaribia ukubwa wa kucha ya kidole gumba, zenye jina la Ali bin al-Hasan, na maneno ya upande mmoja yanalingana kwa vina na ya upande wa pili kama beti la shairi. Hazina tarehe, na kwa sababu hiyo wataalamu walibishana sana. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, alimweka Ali mwishoni mwa karne ya 12. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ikapatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, na ndani yake zimo zenye jina la Ali bin al-Hasan pamoja na dinari za dhahabu kutoka nje zenye tarehe, ya mwisho ikiwa ya mwaka 1066. Kwa hiyo mtawala mwenye jina hilo aliishi kweli, na aliishi katika karne ya 11. Sarafu haisemi alitoka Shirazi. Inasema alikuwepo, alikuwa Mwislamu, na alikuwa na uwezo wa kutengeneza fedha yenye jina lake.

Lugha nayo inashuhudia. Kiswahili ni Kibantu katika mifupa yake, ndugu wa karibu wa Kimijikenda, Kipokomo na lugha za Komoro. Neno «kitabu» limetoka Arabuni, lakini lilipofika hapa tuliliweka kwenye ngeli ya «kiti» tukasema «vitabu», bila kumwomba mtu ruhusa. Maneno ya Kiajemi ni machache, na mengi kati yake yananukia chumvi: bandari, nanga. Wageni wangekuwa wengi kiasi cha kuujenga mji peke yao, lugha ingetuonyesha. Inavyoelekea, watoto walijifunza kusema kwa mama zao.

Haya yalikuwa yakijulikana kwa sehemu kubwa, hadi mwaka 2023 ulipotoka utafiti wa vinasaba vya kale ambao video ya binamu haikuutaja, na ambao mjomba naona ameusikia nusu. Watafiti, mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba akiwa miongoni mwao, walichunguza mifupa ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani, zikiwemo Kilwa na Songo Mnara. Kwa jumla walikuta kwamba katika wengi wao zaidi ya nusu ya asili ilikuwa ya Kiafrika na ilipitia hasa kwa wanawake, na sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 hivi, asili ya Arabuni ndiyo inayoongezeka. Nilipoisoma taarifa hiyo nilimkumbuka Mrimba na binti yake. Wazee waliosimulia hadithi iliyochapishwa 1907 hawakuwa na maabara, lakini walikuwa wameushika uzi wenyewe: mwanamume wa ng'ambo, mwanamke wa hapa, mtoto wa hapa.

Niweke tahadhari mbili, maana taarifa hii nayo imeanza kusimuliwa vibaya. Ya kwanza, wengi wa waliochunguzwa walizikwa makaburi ya heshima, karibu na misikiti. Ni wakubwa wa mji. Mvuvi na mkulima aliyezikwa pembeni bila jiwe hayumo, au yumo kwa uchache. Ya pili, kuwa na babu Mwajemi hakumaanishi Waajemi ndio waliojenga. Msafiri wa Kimoroko Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, katika ufalme wa al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye aliyejenga jumba la Husuni Kubwa, aliandika kwamba wengi wa wakazi walikuwa watu weusi sana, wenye chale usoni. Huo ndio mji alioushangaa kwa uzuri wake.

Sasa nirudi kwa wakoloni, maana binamu hakukosea kila kitu. Walichokifanya ni kuichukua hati ya miliki ya ukoo mmoja na kuisoma kama taarifa ya ujenzi wa ustaarabu mzima. Wakaona magofu, wakasoma «Shirazi», wakaandika kuwa watu weusi walikuwa wakitazama tu. Kisha wakazigeuza asili kuwa madaraja ya kisheria, mwenyeji huku na asiye mwenyeji kule, kila daraja na kodi yake na haki zake, na watu wakajifunza kwamba jina la babu linaweza kukuongezea au kukupunguzia. Maumivu ya binamu yanatoka hapo, na ni maumivu ya haki. Lakini mwambie pia kwamba mwaka 1957, Zanzibar, chama cha Afro-Shirazi kilipopata jina lake, Washirazi walihesabiwa upande wa wenyeji wa visiwa. Chama hicho ndicho kilichoungana na TANU tarehe 5 Februari 1977 kuzaa CCM. Jina «Shirazi» limewahi kubeba maana ya ugeni na limewahi kubeba maana ya uzawa, kutegemea nani anazungumza na anadai nini.

Kwa hiyo bibi yako hakudanganya. Alikukabidhi alichokabidhiwa. Nasaba ya majina 14, ukikadiria miaka 30 kwa kizazi, inafika miaka 420 hivi nyuma. Kutoka kwako hadi Ali wa karne ya 11 kunahitajika vizazi zaidi ya 30. Maana yake ni kwamba majina mengi ya katikati hayapo, na hilo ni jambo la kawaida kabisa katika nasaba za mapokeo duniani kote: majina ya karibu yanakumbukwa kwa sababu kuna mtu aliyewaona wenyewe, jina la juu kabisa linakumbukwa kwa sababu ndilo linalobeba haki na heshima, na ya katikati yanadondoka moja moja kadiri karatasi inavyonakiliwa. Majina manne au matano ya chini ninayaamini kwa kiasi kikubwa. La juu ninaliheshimu kama dai la ukoo, bila kuliapia.

Kuhusu vinasaba, ushauri wangu ni kwamba msichangishane. Nasema hivyo kwa hesabu, si kwa hofu. Kila mtu ana wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, na ukirudi vizazi kumi una nafasi 1,024 za wahenga. Ukirudi vizazi 30 nafasi zinapita bilioni moja, idadi kubwa kuliko watu wote waliokuwa hai duniani wakati huo, jambo linalomaanisha kwamba wahenga wale wale wanajirudia na koo zote za pwani zimeingiliana. Ikiwa Ali aliacha kizazi kilichoendelea, basi huenda nusu ya watu wanaopanda daladala nawe asubuhi ni wajukuu zake. Hakuna kipimo kinachoweza kumtaja mtu mmoja wa karne ya 11 kuwa babu yenu, kwa kuwa hakuna mfupa wake uliothibitishwa wa kulinganisha nao. Kampuni za nje zinazouza vipimo hutoa asilimia kwa kukulinganisha na watu waliomo kwenye kumbukumbu zao, na watu wa pwani yetu humo ni wachache, kwa hiyo asilimia hizo huyumba. Hapa nchini uchunguzi wa vinasaba vya binadamu una sheria yake ya mwaka 2009 na unasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na maswali ya kawaida huko ni kama uzazi wa mtoto au kesi ya jinai. Na kuna jambo la utu: vipimo vya ukoo huweza kufichua kwamba fulani si mtoto wa fulani, siri ambayo hakuna aliyeomba kuijua. Kama kuna anayetaka kujipima kwa udadisi wake, kwa fedha zake na kwa hiari yake, sina pingamizi. Kuufanya ukoo mzima ulipe ili kumwumbua mtu, hapana.

Mwanao aandike hivi kwa maneno yake: kwamba kijiji cha Kilwa kilianzishwa na wenyeji wa pwani waliosema lugha za Kibantu, kwamba mapokeo ya Kilwa yanasimulia kuja kwa Ali kutoka Shirazi na kununuliwa kwa kisiwa, na kwamba wafanyabiashara kutoka Uajemi na Arabuni walioa na kuchanganyika na wenyeji, mji ukakua kwa biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, hadi Wareno walipouvunja nguvu. Mwalimu akiwa anataka jina moja tu, mtoto atangulize maneno «mapokeo yanasema» kisha aweke jina. Mwana wa kidato cha kwanza anaweza kabisa kuelewa tofauti ya «mapokeo yanasema» na «mchimbuo unaonyesha», na akiielewa mapema itamfaa kila atakapofunguliwa video. Mpeleke Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, Posta, aone kwa macho yake vitu vilivyochimbuliwa Kilwa. Na mkienda kwenu, vukeni kutoka Masoko mkaone magofu yenyewe, yaliyo kwenye urithi wa dunia tangu 1981.

Sasa karatasi, ambayo ndiyo iliyo hatarini kuliko hadithi. Usiipeleke kufunikwa kwa plastiki stationari, hata kama watakuambia itadumu milele, maana joto na gundi vitaiharibu na hakuna atakayeweza kuitoa humo tena. Usiiunge kwa selotepu. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kitanda, kwani unyevu wa Dar es Salaam ukishaingia humo hautoki, na ukungu hufuata. Ilaze bapa, usiikunje tena kwenye mikunjo ya zamani, ifunike kwa kitambaa cheupe safi cha pamba kilichofuliwa bila kutiwa wanga, uiweke ndani ya boksi mahali pakavu, mbali na jua na mchwa. Ipige picha dirishani kwa mwanga wa mchana bila kuwasha taa ya simu, pande zote mbili, hata kama upande wa nyuma unaonekana mtupu, kisha uwatumie watu watatu wa ukoo ili nakala zisikae mahali pamoja.

Kuna mahali ambapo jibu langu la maandishi halitoshi na itabidi uende kwa mtu ana kwa ana. Kama wino unabanduka kwa vipande au kuna vitundu vipya vya wadudu, usiiguse zaidi. Wapelekee picha Makumbusho ya Taifa au idara ya akiolojia na urithi pale Chuo Kikuu, Mlimani, uombe kuonana na mtu anayejua kuhifadhi nyaraka. Kwa kusomwa, mtafute anayezijua herufi za Kiarabu pamoja na Kiswahili cha kale, kwa sababu karatasi nyingi za namna hii huchanganya lugha zote mbili, na msomaji wa Kiarabu peke yake atakwama. Akija dalali wa vitu vya kale akitaka kuinunua, mkatalie. Na kama kuna yeyote katika ukoo anayetaka kuitumia kudai shamba au kiwanja Kivinje, simamisheni mazungumzo hayo mkamwone mwanasheria, kwa sababu nasaba inaonyesha watu walivyojiona, haithibitishi mipaka ya ardhi.

Ama huo ugomvi wa kundi la WhatsApp, usijaribu kuumaliza kwa kuandika. Mwite mjomba na binamu siku moja, kwa chai, mweke karatasi katikati, kila mmoja aseme alichokisikia kwa bibi. Washa simu irekodi. Kisha waulize shangazi na mama wadogo walio hai jambo moja ambalo karatasi, kama zilivyo nyingi za namna yake, huenda haina: kila mwanamume aliyetajwa humo alimwoa nani, na huyo mwanamke alikuwa wa wapi. Yaandike majina hayo kwenye daftari la mwanao, pembeni ya yale 14, ukianzia na jina la bibi yako.